Barabara ya Kuachania

Watu wa nchi ile walioana nyumbani wakaachana barabarani. Usiniulize ni nchi gani. Wenyewe hawakuipa jina. Walisema tu "huku kwetu", na mtu akitamka huku kwetu kwa sauti ile, ramani ya nini tena? Ilikuwa nchi ya milima iliyoingiza miguu baharini. Kati ya jabali na maji hapakubaki nafasi ila ukanda mwembamba wa lami uliochongwa ubavuni kwa nguvu, na pale jabali lilipokataa katakata, likatobolewa. Mahandaki manne kwa jumla. Mke na mume wakishindwana hawakwenda kwa kadhi wala kwa hakimu. Walipewa siku moja, kila mmoja na baiskeli yake, wakaambiwa: haya, endesheni.

Na masharti yake? Lo, nchi gani isiyo na masharti! Taa haziruhusiwi, dainamo zinafunguliwa na kuachwa mwanzo wa njia. Mwangani hamzungumzi ila habari za njia: kona, shimo, upepo, cheni. Ya moyoni ni ya gizani. Ukiingia handakini, sema utakacho, tukana, lia, omba. Ukitoka kwenye jua, funga mdomo au taja mashimo. Mwisho wa njia yupo Mlinzi wa Njiapanda, naye ana swali moja tu. Yule aliyetaka kuachana haulizwi kitu, kwani mdomo wa mtu humtetea mwenyewe. Huulizwa mwenzake, huulizwa sikio: je, umesikia gizani neno la kubaki? Likisikika, mnafunguliwa njia moja ya kurudi nyumbani pamoja. Lisiposikika, njia ni mbili, na hazikutani tena mpaka siku ya kufa.

Nani aliyetunga haya? Wenye Barabara. Nani aliwahi kuwaona? Hakuna. Ila kila mtu aliwatii, tena kwa haraka, kama mtu anayeitwa na mama yake. Mimi ninayesimulia nimekaa na jambo hili miaka, na linanikera bado. Neno likisemwa mahali ambapo sheria haina sikio, je, limesemwa? Na mtu akipendwa nje ya saa za kazi za serikali, je, amependwa? Wenye hekima wa kule walijibu kwamba maswali kama hayo huletwa na uvivu wa kukanyaga pedeli. Sawa. Tuwaache na hekima yao, tumfuate Mize.

Mize ndiye aliyetaka kuachwa. Alifika mwanzo wa njia asubuhi, uso umevimba kwa kulia, amesindikizwa na kungwi wake, Bi Mwaka, aliyemfunda siku za harusi na sasa amekuja kumfunda siku ya kuachana. Mumewe, Vuai, alikuwa ameshafika. Alikuwa amepiga magoti, anaitia mafuta cheni ya baiskeli ya mkewe. Ya kwake ilikuwa inalia kwa kutu, hakuigusa.

"Muone," Mize akasema. "Ndivyo alivyo. Atakutengenezea kila kitu, ila kile ulichomwomba."

"Nyamaza, mwanangu, nikwambie," Bi Mwaka akamshika mkono. "Ukiwa na neno zito, usilitoe handaki la kwanza, wala la pili. Liweke. La handaki la mwisho ndilo linalobaki sikioni. Mengine yote hukaushwa na upepo."

"Sina neno la kuweka, somo. Yangu yote ni ya kutupa."

"Haya. Wote hupita hapa wakisema hivyo."

Sasa, huyu Vuai alikuwa mpima mizani sokoni. Karafuu, nazi, dagaa, samli, kila kitu kilipita mikononi mwake, na watu walitoka mbali wakapita mizani ya wengine ili wapimiwe na yeye, kwa sababu Vuai hakujua kuongeza chumvi wala kupunguza. Akikwambia kibaba, ni kibaba. Ukimuuliza kama kanzu yako imekupendeza, na haikukupendeza, basi pole yako. Walisema Mungu alimuumba akasahau kumtia uongo. Na walisema kwa kumsifu.

Walikuwa na mtoto mmoja, Kazija, msichana. Akapata homa, homa ikamwingia mifupani. Siku moja alfajiri akafumbua macho, akamwona baba yake amekaa ukingoni mwa kitanda, akamuuliza: "Baba, nitapona?" Vuai akamwambia: "Hapana, mwanangu." Mize alikuwa mlangoni na kikombe cha uji. Mtoto akageuza uso ukutani, na tangu pale hakumuuliza mtu yeyote kitu chochote, hata maji hakuomba, mpaka akafa. Ndiyo sababu ya baiskeli hizi mbili. Hakuna nyingine, wala usitafute.

Wakaanza kukanyaga. Bahari kushoto, jabali kulia, na barabara inapanda polepole kwa ujanja, hivi kwamba mtu hajui kama amechoka kwa sababu ya mlima au kwa sababu ya maisha.

"Kuna shimo," Vuai akasema.

"Nimeliona."

"Mbele kuna mchanga."

"Nina macho, Baba Kazija."

Jina lile likawachoma wote wawili. Watu wa kule humwita mzazi kwa jina la mwanawe hata mwana akiwa kaburini, wakidai ni heshima. Heshima nyingine, jamani, ni sawa na kumkanyaga mtu kidonda kila siku na kumwuliza hali.

Handaki la kwanza likawameza. Baridi ikapanda kutoka kwenye lami, maji yakadondoka mahali, na Mize hakungoja hata macho yazoee giza.

"Unanisikia, Vuai?"

"Nakusikia."

"Nakuchukia. Nalala na wewe nakuchukia, nakupakulia wali nakuchukia. Ungesema ndiyo. Basi tu. Ndiyo, mwanangu, utapona. Ungepungukiwa na nini?"

"Asingepona, Mize."

"Nani kakuuliza kama angepona? Mimi nilijua hatapona! Daktari alijua! Yeye mwenyewe alijua! Hakuuliza apate habari. Aliuliza apate baba!"

Cheni ya Vuai ikalia kwa kutu gizani, krii, krii. Na Mize akaendelea kukanyaga huku maneno yanamtoka vipande vipande, na mengine hakuwa anamwambia mumewe tena. Uji ule. Ulipoa mkononi. Niliushika mpaka jua likatoka. Mtoto kageuka ukutani, na ukuta ule tuliupaka chokaa pamoja, mimi na wewe, tukicheka, mimba ina miezi saba. Kwa nini nilipaka chokaa? Ningejua ndio utakaomtazama mwishoni ningechora kitu. Hata ndege. Ningechora ndege.

Mwanga ukaja mbele, mdogo, ukakua, ukawatema nje. Na walipotoka, saa ilikuwa imekosea njia.

Maana Vuai aliingia na mvi ndevuni akatoka na kidevu cheusi, na Mize akatazama mikono yake kwenye usukani akaiona ina hina mbichi. Vifua vyao vilikuwa vyepesi. Barabara iliteremka kwa mikunjo hadi karibu ya maji kisha ikapanda tena, na yule kijana pembeni yake alikuwa anamtazama kwa aibu, kama mtu anayetaka kuuliza jina la msichana na hajapata mtu wa kumtuma. Mize naye, nikwambie ukweli, kwa kitambo hakumjua. Alijua tu kwamba ana meno mazuri na baiskeli mbovu.

"Kona mbele," kijana akasema.

"Nimeiona."

"Ni kali."

"Haiwezi kunishinda mimi. Wewe jiangalie na hicho kisagio chako kinacholia."

"Upepo unatoka kushoto!"

"Na utoke!"

Wakaachia breki. Vitambaa vikapepea, kengele zikalia, Mize akacheka mpaka akalengwalengwa na machozi ya upepo. Habari za njia zilitosha kabisa kwa yote waliyokuwa nayo. Ukitaka kujua kama watu wanapendana, wape kona na mashimo wazungumzie, uwasikilize. Wapenzi hawahitaji mada. Wanaochukiana ndio hutafuta maneno mazito, wayarushiane.

Wakaingia handaki la pili bado wanacheka, na gizani yule msichana mwenye hina akauliza kwa sauti ambayo Mize hakuisikia tangu miaka ile: "Ukinioa utanidanganya?"

"Sitakudanganya," kijana akajibu. "Si leo wala kesho. Hata nikitaka sitaweza."

Na alivyolipenda jibu lile! Lilimwingia kama maji kwa mtu aliyefunga kutwa. Wanaume wote waliokuwa wakipita mlangoni kwao walikuwa na ndimi za asali: utakaa kwenye ghorofa, nitakuletea mwezi. Huyu mmoja tu alimwambia mwezi hauletwi. Akamkubali kwa hilo. Hakumkubali kwa meno, wala kwa kazi, wala kwa kabila. Kwa hilo tu. Sasa katikati ya giza Mize aliyezeeka akamkumbuka Mize aliyechumbiwa, wakatazamana ndani ya kifua kimoja, na kila mmoja akamwambia mwenzake: wewe ndiye uliyemchagua. Kumbe kisu kilichomkata ni yeye aliyekileta nyumbani, akakitundika ukutani, akakisifu kwa wageni jinsi kinavyong'aa. Vuai alipofika kwenye maji yaliyotuama akagonga kengele kumjulisha pa kupita.

Wakatoka juani. Kazija alikuwa amekaa kwenye keria ya baiskeli ya baba yake.

Miguu ameitanua asiguse spoki, ameshika shati la baba kwa mikono yote miwili, nywele zimesukwa mikia mitatu kama alivyopenda. Ghuba ilikuwa pana, imejaa jua. Barabara iliizunguka yote kabla ya kufika handaki la tatu lililoonekana upande wa pili, doa jeusi kwenye jabali jeupe. Mize alifungua mdomo, na mwanga ukamjaa mdomoni. Ya moyoni ni ya gizani! Mtoto wake yupo, yu hai, hapa, mkono ukinyooka unamgusa, na anachoruhusiwa kumwambia ni mashimo.

Ungevunja sharti wewe, utasema. Nami nasema hivyo hivyo nikiwa nimekaa. Lakini walisimuliwa tangu utotoni kwamba mtu akisema la moyoni mwangani, alichokisemea hutoweka hapo hapo. Nani angejaribu kwa mwanawe?

"Kuna matuta," akasema, sauti imepasuka. "Anayekaa nyuma ashike sana."

"Nimeshika, mama," Kazija akasema.

"Pana... pana jua. Ajifunike kichwa."

"Sisikii joto."

Vuai alikuwa anakanyaga taratibu mno, hivi kwamba baiskeli iliyumba. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola na hakuyafuta, kwa kuogopa kuachia usukani. Wakazunguka ghuba. Mize akamwonyesha mtoto mawe yaliyoanguka, akamwonyesha mahali lami ilipobanduka, akamwonyesha nguzo, akamwonyesha mtaro; vitu vyote vya barabara alivisema kimoja kimoja, na kila kimoja alikisema kama mtu anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha. Natamani ningeweza kusema ghuba ile ilikuwa ndefu. Haikuwa.

Handaki la tatu likakaribia. Kazija akachungulia kutoka ubavuni mwa baba yake, akaliona.

"Baba."

"Naam, mama."

"Kule ndani tutatoka upande wa pili?"

Hilo lilikuwa swali la njia. Lilikuwa na ruhusa. Mize akamtazama mumewe, akamtazama kwa macho mawili na kwa uso mzima, akamsihi bila kutikisa mdomo: sema ndiyo. Umepewa tena. Nani hupewa mara mbili? Sema ndiyo, Vuai. Vuai akatazama lile doa jeusi mbele.

"Mimi na mama yako tutatoka," akasema.

Mtoto akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mkubwa, akaegemeza shavu kwenye mgongo wa baba yake. Hakuuliza tena. Giza likawafunika.

Mize alikanyaga pedeli kidogo, akasimama. Hakutaka kuuliza na akauliza.

"Yupo?"

"Hapana. Keria imekuwa nyepesi."

Kilio alichokitoa Mize kiligonga kuta zote mbili za mlima kikarudi. Akaibwaga baiskeli. Akamfuata yule mtu kwa sauti ya pumzi yake, akampiga, ngumi za kifua, ngumi za mabega, na Vuai akasimama akapigwa bila hata kuinua mkono, mpaka Mize mwenyewe akachoka akabaki ameshika shati lile lile, mahali pale pale palipokuwa bado pamekunjika.

"Nilitaka kumwambia ndiyo," Vuai akasema. Alikuwa analia kama watu wazima wanavyolia, kwa tumbo. "Wallahi nilitaka, Mize. Na siku ile nilitaka. Mdomo ulifunguka, nikalitafuta neno, halimo. Naliona kwa watu wengine, wanalitoa kirahisi, mimi kwangu sina. Unadhani sijajaribu? Nimekaa sokoni peke yangu najifunza. Nasema hili gunia ni zito, na ni jepesi. Halitoki. Nimezaliwa bila."

Mize akasikiliza. Na pale gizani, kwa mara ya kwanza tangu uji ulipopoa, kitu kikalegea ndani yake. Maana yeye miaka yote alimdai mtu tajiri aliyekataa kutoa. Leo anaambiwa mwenyewe hana. Kiziwi unamlaumu kwa kutoitika? Kiwete unamwambia akimbie umwokoe mtoto, na akishindwa unamchukia? Mwanamume huyu alisimama mara mbili mbele ya mwanawe mikono mitupu, na kila mara aliumia kuliko mtu yeyote aliyekuwepo, na mimi, mimi mkewe, nilikuwa mlangoni namhesabia umaskini wake kuwa ni uchoyo. Hivyo ndivyo alivyowaza Mize. Akamsamehe. Nasema waziwazi kwa sababu hakuna namna nyingine ya kulisema: alimsamehe, akampenda upya, kwa mapenzi ya huruma ambayo huwa mazito kuliko yale ya kwanza ya hina na kengele.

Neno likamjia ulimini. Sitaki tuachane. Lilikuwa tayari, limeiva, lingetoka kwa pumzi moja. Na giza lilikuwepo, tele, la bure. Lakini akamkumbuka kungwi wake: neno zito liweke handaki la mwisho, ndilo linalobaki sikioni. Akalimeza ili alitoe vizuri. Akafuta uso kwa ncha ya kanga, akainua baiskeli yake, akasema tu: "Twende." Nimewaona watu wakifa kwa ujinga wao, hawa wa huku kwetu hufa kwa mafunzo mema waliyopewa na watu wanaowapenda.

Walitoka ni wazee. Magoti yalikuwa yanauma, mgongo wa Vuai umepinda, nywele za Mize nyeupe pepe. Mlima wa mwisho haukupandika kwa kukanyaga. Wakashuka wakasukuma baiskeli bega kwa bega, polepole.

"Pumzika hapa, pana kivuli," Mize akasema.

"Pumzika wewe. Mimi naangalia mteremko."

"Njia imebaki kidogo."

"Imebaki kidogo, lakini ni nzuri," akasema Vuai, na Mize akatabasamu akitazama lami, moyo ukimdunda kwa lile alilobeba.

Wakapinda kona, na pale palipopaswa kuwa na handaki la nne palikuwa na mbingu.

Kuta mbili za jabali zilisimama, ndefu, zimekatwa wima. Katikati yake njia. Juu yake hakuna kitu ila jua la alasiri likimwagika hadi chini. Paa la mlima lilikuwa limeondolewa. Kibao kipya kilichopakwa rangi kilisema: WENYE BARABARA WAMEWALETEA MWANGA. Chini ya kibao mzee mmoja wa kazi za barabara alikuwa anafagia kokoto kwa fagio la chelewa.

"Handaki liko wapi?" Mize akamuuliza. Swali la njia, lina ruhusa.

"Hili hapa. Si unaliona? Walikuja na baruti. Walisema wananchi wamelalamikia giza."

"Nani alilalamika?"

"Sijui, bibi. Nimeambiwa nifagie."

"Hakuna hata sehemu moja iliyobaki? Kipande tu?"

"Hakuna. Wamefanya kazi nzuri," mzee akasema kwa fahari, akaendelea kufagia.

Mize akatazama nyuma. Handaki la tatu lilionekana kule chini, jeusi, limeshiba giza lake, na barabara ile hairudiwi. Anayegeuza gurudumu huwekwa mbali na mwenzake papo hapo. Akaingia kati ya zile kuta mbio, akipapasa jabali, akitafuta ufa, pembe, shimo la popo. Kila mahali jua. Mwisho akaivua kanga yake akamfunika Vuai kichwa, akaingia naye chini ya kitambaa, uso kwa uso, pumzi kwa pumzi, akafumba macho ili kwake angalau kuwe giza.

"Sitaki tuachane," akasema. "Unanisikia? Sitaki. Nirudi na wewe nyumbani nizeeke na wewe, nife mbele yako au nyuma yako, ila nisiachane na wewe."

Akafumbua macho. Jua lilipenya kanga, na maua mekundu ya kitambaa yalikuwa yamelala kwenye ndevu nyeupe za mumewe. Halikuwa giza. Wote wawili waliona kwamba halikuwa giza. Vuai alikuwa amefunga mdomo kwa nguvu, machozi yanamshuka.

"Mbele kuna kokoto," akasema hatimaye. "Tukate kushoto."

Mize hakumkasirikia. Ndivyo alivyo, akajisemea, safari hii kwa upole. Hawezi kukiita giza kitu ambacho si giza. Wakatoka upande wa pili wakiwa wameshikana kwa kidole kimoja kimoja juu ya usukani, wakateremka hadi njiapanda. Na kule chini Mize alikuwa ameshajua kitakachotokea. Vuai ataulizwa. Vuai atasema hakusikia. Watafunguliwa njia mbili. Alishaanza kuomboleza, tena bila uchungu na mtu yeyote, kwani ni faraja ya namna yake kupoteza kitu kwa sababu kilikuwa safi.

Mlinzi wa Njiapanda alikuwa mama mnene aliyekaa kwenye kigoda, anachagua mchele kwenye ungo. Hakuinua uso.

"Karibuni, poleni na jua. Mwanamume."

"Naam."

"Umesikia gizani neno la kubaki?"

Mize akainamisha kichwa.

"Nimesikia," Vuai akasema.

Vidole vya yule mama vikasimama juu ya mchele. "Handaki gani?"

"La tatu. Tulikuwa katikati. Alinishika shati hapa begani, akaniambia sitaki tuachane. Nikamwambia arudie, akarudia. Kulikuwa giza totoro."

Sauti yake haikubabaika. Alisema vizuri sana, kwa utulivu, hata lile la kurudia aliliongeza mwenyewe, bila kuombwa, kipimo kikatoka na nyongeza juu yake. Ungemsikia usingeshuku. Mlinzi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasimama, akaondoa mti uliofunga njia ya nyumbani. "Haya, hongereni. Siku hizi hawarudi wengi."

Vuai akamgeukia mkewe. Uso wake mzee ulikuwa unacheka, unang'aa kama wa mtoto aliyejifunza kuogelea, na alinyoosha mkono amshike. Mize alikuwa amesimama vile vile.

"Kumbe unaweza," akasema.

"Eh?"

"Kumbe unaweza, Vuai. Limo."

"Limetoka lenyewe," akasema kwa furaha, bado hajaelewa. "Nililitafuta nikalikuta. Nimesema kwa ajili yako, Mize. Nisikupoteze wewe."

"Na yule alikuwa mtoto wa nani?"

Mkono wa Vuai ukabaki hewani. Kicheko kikamtoka usoni polepole, mpaka chote kikaisha. Mize akamngoja ajibu. Alimngoja kwa moyo wake wote, maana alitaka kurudi naye nyumbani. Njia ilikuwa wazi, jioni ilikuwa nzuri, na angelipokea jibu lolote, hata la uongo. Yule mama akamaliza ungo mzima wa mchele. Vuai alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, na hakukutoka kitu.

Basi Mize akamgeukia Mlinzi, akamwomba amfungulie ile njia ya pili.